Nimerithi Land Cruiser yenye injini ya 2F: niing'oe au niitunze?

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Cruiser pikapu, FJ45 ya mwaka 1979, injini 2F ya petroli. Miaka yote ilikuwa Tanga. Tangu niilete hapa Iringa inatoa moshi mweusi, inakunywa mafuta vibaya, na mlima wa Kitonga iliupanda kwa gia ya pili mwanzo mwisho. Mafundi wawili wameniambia injini imechoka, niing'oe nifunge dizeli. Wakati huohuo kuna watu wananipigia simu wakitaka kuinunua jinsi ilivyo, na mmoja amesema nikiitoa hiyo silinda sita ya mstari mmoja nitajuta. Wanaona nini kwenye injini hii ya zamani? Na mimi nifanye nini?
Msomaji, Iringa

Jibu: Marahaba. Pole sana kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kuuliza kabla spana hazijaingia kazini.

Jibu fupi ni hili: usiing'oe bado. Katika yote uliyoeleza hakuna dalili hata moja inayothibitisha kwamba injini imekufa. Umelitoa gari usawa wa bahari ukalipandisha kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu, na hukusema kama kuna mtu aliyegusa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Moshi mweusi, ulaji wa mafuta na kukosa nguvu ni dalili za petroli kuzidi hewa. Hayo hutibiwa juu ya injini, hayahitaji kuifumua. Nitakuja kwenye vipimo kwa kirefu. Lakini umeuliza watu wanaona nini, na ningependa ulijue hilo kwanza, ili ujue ni kitu gani unachotaka kukitoa.

Injini yoyote ya pistoni ni vyuma vizito vinavyorushwa juu vikasimamishwa, vikashushwa vikasimamishwa tena, maelfu ya mara kwa dakika. Kila chuma kinaposimamishwa ghafla, nguvu inaingia kwenye bloku (mwili wa injini), inatoka kwenye bloku kwenda kwenye maunti (vishikizo vya injini kwenye chesisi), na kutoka hapo inakufikia wewe kwenye usukani. Kazi ya msanifu ni kuhakikisha kila pistoni inayosukuma upande mmoja ina mwenzake anayesukuma upande wa pili kwa wakati uleule.

Chukua silinda nne. Pistoni mbili zinapanda, mbili zinashuka. Ungedhani hesabu imefungwa. Haijafungwa, kwa sababu konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na shafti kuu inayoitwa krenki, inapoegama pembeni inaifanya pistoni iende kasi zaidi kwenye nusu ya juu ya safari yake kuliko kwenye nusu ya chini. Zile zilizo juu na zile zilizo chini haziendi sawa, na tofauti hiyo inatikisa bloku juu na chini mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Ndiyo maana injini nyingi kubwa za silinda nne zimewekewa shafti za ziada zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka mara mbili ya kasi ya krenki, ili kuua mtetemo huo. Zinafanya kazi, ila ni vyuma vya kuongeza ili kurekebisha kasoro iliyomo kwenye mpangilio wenyewe.

Sita za mstari mmoja hazina kasoro hiyo tangu kwenye karatasi. Pistoni ya 1 na ya 6 zinakwenda pamoja, ya 2 na ya 5 pamoja, ya 3 na ya 4 pamoja, na jozi hizo tatu zimeachana nyuzi 120 kwenye krenki. Jumlisha nguvu za jozi tatu, unapata sifuri. Jumlisha na ile tofauti ya kasi niliyoitaja, unapata sifuri tena. Na kwa sababu nusu ya mbele ya krenki imepangwa kinyume cha nusu ya nyuma, mithili ya mtu na sura yake kwenye kioo, injini haiinui pua ikashusha mkia. Kwa mpangilio mwepesi kiasi hicho, hakuna injini nyingine iliyotulia namna hii. V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, haifiki hapo. V12 inafika, kwa kuwa ni sita mbili za mstari zinazotumia krenki moja.

Kuna upande wa pili, wa nguvu yenyewe. Kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo silinda sita zinagawana nyuzi 720 na kuwaka kila baada ya nyuzi 120. Msukumo wa silinda moja unachukua nyuzi 180, kutoka juu mpaka chini. Maana yake silinda inayofuata inawaka kabla ya iliyotangulia haijamaliza safari. Ni kama akina mama watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu: mchi wa mmoja bado uko kinuni, wa pili umeshaanza kushuka. Silinda nne zenyewe zinapokezana pale mmoja anapoishia, na katikati krenki inabaki bila msukumo hata kidogo. Ndiyo sababu 2F yako, ikiwa nzima, inaweza kutembea gia ya nne kwa mwendo wa baiskeli kisha ukakanyaga na ikaondoka bila kugonga wala kukatakata. Hilo likishamwingia mtu, hasahau. Watu wanaokupigia simu wamelisikia.

Sifa hizo zina bei. Krenki ya silinda sita ni ndefu, na chuma kirefu kinachopigwa ngumi sita kwa zamu kinajinyonga na kujinyongoa. Mwanzoni mwa karne iliyopita tatizo hilo liliwatoa jasho watengenezaji. Spyker wa Uholanzi walitengeneza gari la silinda sita mwaka 1903, Napier wa Uingereza wakafuata na kuliuza kibiashara, na injini za namna hiyo zikajulikana kwa mngurumo wa krenki kujinyonga kwenye kasi fulani. Rolls-Royce walipotoa gari lao la 40/50 mwaka 1906, injini ya lita 7 yenye silinda sita zilizosubuliwa kwa bloku mbili za tatu tatu, walilishambulia tatizo kwa krenki nene na beringi kuu saba, zile zinazoishika krenki kwenye bloku, yaani kila konrodi imepakana na beringi pande zote mbili. Gari hilo lilitulia kiasi kwamba sifa ya kampuni ilijengwa juu yake.

Dawa iliyoenea baadaye ni puli ya mbele yenye uzito uliotenganishwa na kitovu chake kwa raba. Krenki ikitetemeka, raba inameza. Puli hiyo unayo kwenye gari lako. Siku ukifungua boneti, iangalie raba kwa tochi: ikiwa imepasuka, imetokeza, au duara la nje limeteleza likaachana na la ndani, ibadilishe. Mafundi wengi huipita bila kuitazama kwa kuwa mkanda bado unazunguka, na mwenye gari analaumu injini kwa mtetemo unaotoka kwenye raba iliyokauka.

Sasa injini yako yenyewe. Mwendo wa pistoni ndani ya 2F, kutoka chini mpaka juu, ni milimita 101.6. Namba hiyo si ya bahati. Ni inchi 4 kamili. Mwaka 1935 Toyota, wakiwa wageni kabisa katika magari, walitengeneza injini yao ya kwanza, Type A, kwa kuiga injini ya Chevrolet ya silinda sita. Chevrolet walikuwa wameingia kwenye sita tangu mwaka 1929, wakiwauzia Wamarekani silinda sita kwa bei ya nne. Type A ilikuwa ya lita 3.4, tundu la silinda la milimita 84.1 na mwendo wa 101.6. Mwaka 1949 ikaja F, tundu likapanuliwa mpaka milimita 90, mwendo ukabaki uleule, ikawa lita 3.9. Mwaka 1975 ikaja 2F, tundu milimita 94, mwendo bado 101.6, lita 4.2. Yaani ndani ya pikapu ya baba yako ya 1979 krenki inazunguka kwa kipimo kilichochorwa Marekani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwa hilo tu mimi ningeiheshimu.

Herufi ya kwanza ya FJ45 ni hiyo F ya injini. Gari limepewa jina la injini yake, na ukiweka injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ ndani, kwa mantiki ya Toyota wenyewe gari linageuka kitu kingine.

Nikuambie ukweli pia, kwa sababu wanaotaka kununua watakusifia kupita kiasi ili wakupate. 2F ni sita ya lori. Ina beringi kuu nne tu, si saba. Kamshafti, shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi, iko chini kwenye bloku na inazisukuma kwa pushrodi, yaani vijiti virefu. Nguvu yake, farasi 135 hivi, inafika kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, na nguvu kubwa ya kuvuta iko chini kabisa, kwenye 1,800. Haipendi kukimbizwa. Usiilinganishe na Jaguar XK, iliyotoka mwaka 1948 ikiwa na kamshafti mbili juu na beringi saba, ikashinda Le Mans mara tano kati ya 1951 na 1957 na kuendelea kutengenezwa mpaka 1992. Wala si S20 ya Nissan ya Skyline GT-R ya 1969, lita 2 na valvu 24. Hizo ni sita za kukimbia. Yako ni sita ya kuvuta, na uzuri wake ni wa aina hiyo: bloku ya chuma cha kalibu (cha kumiminwa), silindahedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ya chuma hichohicho, kamshafti inayoendeshwa kwa gia zilizoumana moja kwa moja na krenki, bila mkanda wala mnyororo wa taimingi wa kukatika porini.

Kama unadhani mapenzi haya ni ya wazungu wenye gereji zenye zulia, kumbuka barabara zetu. Safari Rally ilipokuwa bado inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, sita za mstari zilishinda mapema sana. Vic Preston alishinda 1955 na Ford Zephyr. Bill Fritschy akashinda 1959 na 1960 na Mercedes 219, na John Manussis akafuatia 1961 na 220SE. Zote tatu ni silinda sita za mstari mmoja. Halafu ikaja Datsun 240Z: Edgar Herrmann 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye angeshinda mara nne mfululizo kwa magari mengine. Injini ya 240Z, L24, ni lita 2.4, kamshafti moja juu, beringi saba, kabureta mbili. Matope ya Aprili hayakuangalia gari limetoka wapi, na ukitafuta sababu ya wazee wa Afrika Mashariki kusisimka wakisikia mlio ule laini wa Datsun, ni hapo.

Kama ni nzuri hivyo, mbona viwanda viliiacha? Kwa urefu wake. Magari yalipoanza kuvutwa na magurudumu ya mbele, injini ikilazwa kwa ubavu, sita za mstari hazikuenea. V6 ni fupi, inaingia popote. BMW walikataa kuiacha. Mercedes waliiacha kwenye magari yao madogo ya petroli mwishoni mwa miaka ya 1990, wakairudia 2017. Mazda wameingia nayo 2022. Wahandisi wa leo wenye kompyuta wamerudi walipoanzia babu zao.

Basi, tuje kwenye gari.

Anza na hewa. Iringa kanieneo ya hewa ni kama asilimia 83 ya ile ya Tanga. Injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hapo hakuna fundi atakayekurudishia. Kitonga kwa gia ya pili, kwa gari la 1979 la lita 4.2, si fedheha hata kidogo. Lakini kabureta nayo ina tabia yake: hewa ikipungua uzito, petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiwango kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa na petroli nyingi. Mwinuko peke yake hutoa moshi mweusi kidogo. Ukiwa mzito, wa kuonekana kwenye kioo cha nyuma, kuna kitu kingine kimeungana nao.

Kwenye kabureta ya 2F kuna kidirisha kidogo cha kioo upande wa bakuli la petroli. Kisafishe kwa kitambaa, washa injini mahali pa tambarare, iache sailensa (ingurume bila kukanyagwa mafuta), uangalie. Petroli inatakiwa isimame katikati ya kioo. Ikiwa imejaa mpaka kioo hakionyeshi mstari wowote, sindano ya floti (boya linalopima petroli bakulini) haizibi, au floti yenyewe imetoboka na kuingia petroli. Hiyo ni spea ndogo isiyomfilisi mtu, na inaweza kuwa ndiyo nusu ya ugonjwa wako. Kisha vuta na kurudisha choki huku ukitazama kipepeo chake kwa juu: waya mkavu hukiacha nusu kimefungwa, nawe unaendesha siku nzima na choki. Kisha filta ya hewa. Vitu hivi vitatu vikiwa sawa na moshi bado upo, mwambie fundi wa kabureta apunguze ukubwa wa jeti kuu, kitundu kinachopitisha petroli, kwa hatua moja. Asitoboe wala asizibe kwa waya; jeti hununuliwa kwa namba.

Baada ya hapo, taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. 2F haina alama kwenye puli kama magari mengine. Kuna kidirisha pembeni mwa hauzingi ya klachi, na ndani yake, kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), kumegongewa kigololi cha chuma. Kipake chokaa au rangi nyeupe, chomoa mpira wa vakyumu, elekeza taa ya taimingi. Kigololi kikisimama kwenye kielekezo, upo nyuzi 7 kabla pistoni haijafika juu. Iringa unaweza kusogeza mbele nyuzi chache zaidi. Panda kilima kwa gia kubwa, ukisikia mlio wa vijiwe vinavyogongana, rudisha nyuma mpaka unyamaze. Hapo injini itakuwa imerudishiwa sehemu ya kile mwinuko ilichokichukua.

Sasa kipimo ambacho mafundi wawili walitakiwa kukifanya kabla ya kutamka neno dizeli: kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda. Betri ijae. Injini iwe ya moto. Toa plagi zote sita, uzipange chini kwa mpangilio wa silinda, maana zitakueleza mambo. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, mwingine ashike geji, piga stata mpaka sindano iache kupanda. Andika namba kwenye karatasi, silinda ya 1 mpaka ya 6. Kiwandani 2F ilitakiwa kutoa psi 150 hivi, na mwisho wa kuvumiliwa ni karibu 114. Lakini hizo ni namba za usawa wa bahari. Kwa hewa ya Iringa, injini mpya kabisa itaonyesha kama 125, na mtu asiyejua hilo atashika kitabu, aone 120 kwenye geji yake, akutangazie msiba. Kinachosema ukweli ni kukaribiana kwa namba. Sita zote zikiwa kati ya 112 na 122, una injini nzima. Tano zikiwa 118 na moja 70, una tatizo la silinda moja.

Kwa silinda dhaifu, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi za pistoni zimechoka au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, valvu haifungi. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, fikiria gasketi ya hedi iliyoungua katikati yao. Uone pia plagi: nyeusi kavu kama masizi ya jiko ni petroli nyingi, nyeusi yenye utelezi ni oili.

Valvu zenyewe pima nafasi zake injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.35 kwa za ekzosi. Weka kumbukumbu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi ifikapo mwanzoni mwa 2006, na risasi ile ilikuwa inavilinda viti vya valvu vya injini za zamani. Ukiona nafasi za ekzosi zinapungua kila unapopima, viti vinazama kwenye hedi. Si janga. Siku hedi ikitoka kwa sababu yoyote, peleka ikafungwe viti vigumu vya ekzosi, na hutalizungumza tena.

Kuna mahali pamoja zaidi ambapo 2F huonewa. Manifodi (mabomba) ya kuingiza hewa na ya ekzosi, ya kutolea moshi, ziko upande mmoja, ya kuingiza imekaa juu ya ekzosi, na zote mbili zinabanwa kwa gasketi moja. Joto na baridi vinazivuta tofauti, manifodi inajipinda, hewa inaanza kuibwa pembeni. Dalili ni sailensa isiyotulia na silinda za mwisho, ya 1 au ya 6, kukosa moto. Fundi mwenye haraka atasema injini inamisi, imechoka. Ikiwa ya baridi, imewashwa tu, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umepata. Manifodi mbili zifunguliwe zikiwa bado zimeungana, zikasawazishwe mashineni kama kitu kimoja, zirudi na gasketi mpya. Ukizisawazisha moja moja kisha ukaziunganisha, umefanya kazi bure.

Ukimaliza hayo na namba zako ni nzuri, msimamo wangu uko wazi: itunze. Usitegemee muujiza kwenye mafuta. Kilomita 5 kwa lita ni kawaida ya gari hilo, hata likiwa na afya. Badilisha oili kwa wakati, usilikimbize, usiliache lichemshe. Chuma cha kalibu kinavumilia kuliko aluminiamu, lakini nacho hupasuka.

Namba zikiwa mbaya, injini bado inajengeka upya. Bloku inachongwa, pistoni za saizi ya kuongeza zipo, na hakuna kompyuta wala sensa ya kukutesa. Tahadhari moja ya 2F: beringi kuu nne za krenki kila moja ina kipenyo chake. Nunua seti kamili iliyoandikwa 2F, na karakana ya kuchonga krenki ipime kila jongo (sehemu ya krenki inayokaa ndani ya beringi) peke yake na kukuandikia saizi nne. Fundi wa karakana akikuambia "zote zinalingana tu", chukua krenki yako uondoke.

Nakubali upo upande ambapo mafundi wako wana hoja. Kama gari hili ndilo litakalobeba viazi kila wiki kutoka Iringa kwenda Dar na familia inakula kutokana nalo, petroli ya 2F itakumaliza. Hapo dizeli ni uamuzi wa mtu mzima, na sitakulaumu. Lakini ukifika huko, iwe 1HZ, injini ya Land Cruiser mkonga. Ilitoka mwaka 1990, lita 4.2, nayo pia ni silinda sita za mstari, safari hii na beringi saba. Mafundi wanaoijua wamejaa nchi nzima, na spea zake hukosi hata mji mdogo. Tofauti ya kukumbuka ni mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kwa kilomita zake bila kubahatisha. Usikubali kufungiwa injini ya silinda nne ya basi dogo kwa sababu fundi anayo moja kwenye kona ya gereji. Chesisi na gia za FJ45 zilikatwa kwa injini inayovuta kutoka chini, na injini ndogo itakuwa inalia muda wote kuutafuta mwendo.

Na ukiing'oa, usiiuze kama chuma chakavu. Wanunuzi makini wa magari haya, wa hapa na wa ng'ambo, wanaangalia kama injini ni ya aina iliyotoka nayo kiwandani. Kuwa nayo hata ikiwa imefunikwa stoo kunabadilisha mazungumzo ya bei. Mimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, zungusha krenki kwa mkono, rudisha plagi, ziba manifodi kwa matambara, iweke juu ya mbao, si sakafuni. Pia kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo ukibadilisha nenda TRA ukaisahihishe mapema, usingoje siku ya kuuza.

Wale wanaopiga simu wajibu kwa upole kwamba bado unaipima. Wiki hii shughulika na kidirisha cha kabureta, choki na filta. Ijayo, taimingi na kompresheni. Ukishapata zile namba sita, niandikie zote pamoja na rangi ya kila plagi, uniambie pia kama injini ilikuwa ya moto ulipopima, tuone kama hedi inahitaji kufunguliwa au la.